Siku Kumi Bila Gesi

Jumatatu, 4 Machi

Gesi imekwisha. Maharage yalikuwa nusu — nje yameanza kulainika, ndani bado kokoto. Moto ulipungua, ukawa kama ukucha wa buluu, ukazima. Nikautikisa mtungi kama mtu anayemwamsha mlevi. Mwepesi kabisa. Kapteni akachungulia kutoka juu, akauliza mbona hasikii tena mwiko. Nikamwambia tumeishiwa. Akasema, "Kesho tutajaza."

Kesho. Kwake kila jambo ni kesho, na kila kesho ni rahisi.

Nilianza kumwita mume wangu Kapteni kwa kumkejeli, enzi zile boti ni mbavu tu nyuma ya nyumba na kuku wanalala ndani yake. Miaka kumi na minne aliijenga, kila akitoka kazini. Kuku wakahama, jina likamganda.

Miezi saba leo tangu tuondoke nyumbani. Hii ni bandari ya sita, na ya mwisho kabla ya ile safari ndefu — siku ishirini na tano, labda thelathini, maji matupu mpaka ng'ambo. Kapteni anasema upepo mzuri unaanza katikati ya mwezi, na ukiukosa unangoja mwaka. Bila gesi hatuendi popote. Mchele, dengu, unga, vyote tulivyopakia vinataka moto.

Maharage nimeyamwaga. Samaki wa hapa wana meno, watajijua.

Binti yetu naye ana mimba ya miezi saba. Mimba hiyo na safari yetu ni pacha. Hakutuambia mpaka tulipofika bandari ya pili. Alijua angesema mapema, mimi nisingepanda.

Jumanne, 5 Machi

Hatukujaza.

Tumezunguka tangu asubuhi, mtungi ndani ya kigari cha sokoni, tumeufunika shuka. Dereva wa teksi wa kwanza aliinua shuka, akaona, akafunga mlango. Wa pili akasema habebi bomu. Tukatembea.

Kituo cha kwanza, mhudumu aliangalia mdomo wa mtungi wetu akatikisa kichwa. Hauingiliani na mashine yao. Cha pili wanabadilisha mitungi ya kwao tu, leta tupu chukua iliyojaa, na ya kwao ni mirefu, haitoshi kwenye kisanduku chetu cha nyuma. Kapteni aliupima mmoja kwa shubiri mara tatu, kana kwamba utaona haya ufupike. Cha tatu, bibi mmoja kwenye kidirisha akasema sheria hairuhusu mitungi ya kigeni. Alisema mitungi. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Duka la mabomba wakatuletea viungio sinia zima. Kila kimoja karibu kiingie. Karibu haizuii gesi. Kapteni amewaeleza watu wanne leo: kwenye nyumba gesi ikivuja itatoka mlangoni, kwenye boti inazama, inalala tumboni mwa boti, inangoja cheche. Amenieleza na mimi, mara ya mia.

Jioni mkate, samaki wa kopo, kitunguu. Mkate wenyewe wa jana. Nimetamani mvuke. Kuona tu mvuke ukipanda.

Jumatano, 6 Machi

Tuna jirani. Boti ya buluu, mita hamsini hivi kutoka kwetu. Mwanamke peke yake, rika langu au kunizidi kidogo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Amepiga makasia mwenyewe mpaka kwetu. Anasema upepo unatoka kwetu kwenda kwake, na siku mbili hizi haujamletea harufu ya kitunguu, kwa hiyo ama tumegombana ama gesi imekwisha. Akatukaribisha chai. Kapteni akaanza kukataa kwa adabu. Mimi nilikuwa nimeshakubali.

Chai ya moto. Nimekishika kikombe kwa mikono miwili mpaka viganja vikawa vyekundu. Miaka thelathini na moja nilikaa kaunta ya posta, chupa ya chai mezani, naiacha inapoa huku nikigonga mihuri barua za watu zinazokwenda ng'ambo. Nilikuwa nawaonea wivu wale wa ng'ambo.

Nikamuuliza jirani mumewe yuko wapi. Yuko nyumbani, akasema. Walifika wote bandari hii miaka mitatu iliyopita. Mumewe akaenda kumwona mama yake mgonjwa, wiki mbili tu. "Mama alipona," akasema. "Yeye hakurudi." Wala hawakugombana. Mwanamume amebaki na nyumba, yeye kabaki na boti, wanapigiana simu Jumapili. Alinieleza kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Halafu akaniongezea chai bila kuniuliza, na kikombe bado kilikuwa nusu.

Jioni nikapiga simu nyumbani, kwenye mgahawa wa gatini wenye mtandao. Kapokea mama mkwe wa binti yangu. Anasema mgonjwa wetu amelala, daktari kasisitiza miguu juu, asinyanyuke hata kufungua dirisha. Anasema kamtengenezea supu, kainywa yote. Anasema, "Usijali mwenzangu, mimi nipo."

Mimi nipo. Mwanamke mwema yule, sina la kumsema. Ningemng'ata.

Alhamisi, 7 Machi

Kapteni kampata fundi wa kuchonga vyuma, nyuma ya karakana ya matrekta. Wameshinda pamoja siku nzima, vichwa vimegusana, wanaongea kwa vidole na michoro ya chaki sakafuni. Wametoa kiungio cha shaba, kizuri kama pete. Kapteni alikileta amekifunga kwenye leso.

Jirani akatuazima mtungi wake tujaribu. Tukafunga, tukafungua vali, tukapaka povu la sabuni. Likavimba jicho moja. Halafu mawili. Halafu mengi, kama mbegu za papai. Tukakaza. Tukapaka tena. Yakarudi.

Kapteni akakaa chini, mgongo kwenye mlingoti. Hakusema kesho. Nilimtazama kisogo — lini nywele zile ziliisha? Miaka sitini na sita. Alipostaafu meli za watu, ambako alikuwa fundi wa injini, alisema sasa atapanda chombo ambacho hakuna wa kumpigia kengele.

Niandike na hili, maana kama siliandiki humu sitalisema popote. Nilipoona lile povu linavimba, moyo wangu uliruka kwa furaha.

Ijumaa, 8 Machi

Jirani kaniambia kuna mzee mmoja ana yadi ya gesi nyuma ya ghala la saruji, zamani akijaza mitungi ya meli. Kapteni alikuwa juu ya mlingoti anabadilisha kamba, kwa hiyo nikaenda mwenyewe na kigari.

Yadi ndogo, safi, imefagiliwa. Mizani ya chuma, meza moja, kalenda ya mwaka juzi. Fundi mwenyewe ni mfupi, ovaroli imefungwa mpaka shingoni, kidole cha shahada kimekatika nusu. Nimempa jina Nusu Kidole, kimoyomoyo. Akauangalia mdomo wa mtungi wangu kama daktari anayeangalia koo. Akavuta sanduku la viatu chini ya meza, limejaa viungio vya kila namna, akaingiza mkono bila kutazama, akatoa kimoja cheusi, kikuukuu. Akakifunga. Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Akapuliza hewa, akapaka sabuni.

Hakuna povu. Hata jicho moja.

Akasema gesi yake inaletwa asubuhi, nirudi kesho, kazi ya saa moja tu. Nikamshukuru. Nikavuta kigari changu na mtungi mtupu. Njia nzima gurudumu moja linalia.

Kapteni alikuwa ameshuka, ananingoja ngazini, mikono imechubuka kwa kamba. "Vipi?"

"Naye hana," nikasema.

Akanipokea kigari. Akasema, "Umechoka, mama. Kaa nikupe maji."

Jumamosi, 9 Machi

Miaka thelathini na nane ya ndoa. Nimewahi kumficha mambo — nani hajawahi. Kumdanganya hivi, macho kwa macho, sikumbuki.

Najua kwa nini. Mtungi ukijaa, tunaondoka. Tukiondoka, siku thelathini sina simu, sina habari, sina hata posta. Binti yangu yuko kitandani miguu juu. Mimba ya kwanza ilitoka ana miezi minne. Ya pili, mitano. Hii imefika saba, na kila asubuhi naamka nikiwa nimekaza meno, kana kwamba mimi ndiye ninayeishikilia.

Si ningemwambia Kapteni hivyo? Ningemwambia. Angesema basi, hatuendi. Halafu ningemtazama mwaka mzima akisugua boti isiyokwenda.

Yeye katoka mapema, kasema anakwenda kutafuta tena. Karudi mchana na mkate na nyanya. Nikamuuliza kama amepata. "Bado," akasema. "Mji mkubwa huu." Alikuwa mchangamfu. Akanikatia nyanya vipande vyembamba, akapanga duara kwenye sahani kama hoteli.

Nilivimaliza vyote.

Jumapili, 10 Machi

Nimempata binti mwenyewe leo. Sauti yake nzito, ya mtu anayelala sana. Anasema mtoto anacheza, akaniwekea simu tumboni nisikie. Nimesikia nguo. Nimesikia feni. Nimesikia mlango, na mama mkwe akiuliza kama anataka mto mwingine. Nikasema nimemsikia mtoto, ana nguvu huyo.

Akaniuliza, "Mama, mnaondoka lini?" Nikasema tunasubiri gesi. Akasema, "Ikipatikana, nendeni. Msikae kwa ajili yangu."

Alikuwa na miaka sita alipoungua mkono. Tulipomfunga bendeji aliniambia niende zangu kazini, yeye hata haumwi. Sauti ilikuwa hiyo hiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Mkate. Upepo umegeuka kidogo. Kapteni kaunusa.

Jumanne, 12 Machi

Nilikwenda yadini. Sijui nilikwenda kufanya nini. Labda kumwomba yule fundi asimwambie mtu. Labda kujaza. Kigari sikubeba.

Nusu Kidole alikuwa anapaka rangi mitungi. Akaniona, akaweka brashi chini, akafuta mikono polepole. "Mama, mzee wako alikuja Jumamosi."

Nikauliza mzee gani, kama mjinga.

"Mrefu. Mikono imechubuka. Yule mama wa boti ya buluu alimwelekeza. Nikamwambia mkeo alikuwa hapa jana, kiungio kipo, leta mtungi tujaze. Akafikiri. Akaniambia nisijaze kwanza. Akasema, mke wangu atakuja mwenyewe siku atakayokuwa tayari."

Akanigeuzia mtungi mmoja mtupu nikae. Nikakaa. Akarudi kwenye brashi yake, akanipa mgongo, na namshukuru kwa mgongo ule.

Jumamosi. Kwa hiyo zile nyanya alikuwa anajua. Jumapili anajua, jana anajua. Siku nne mzee wa watu anakula mkate mkavu, na tumbo lake lile la vidonda linataka chakula cha moto. Na anafanya mzaha. Jana kasema mkate huu ukigongwa vizuri unaweza kuziba tundu la boti.

Jumatano, 13 Machi

Nilimwambia asubuhi. Alikuwa anamenya yai — jirani alituchemshia sita.

"Fundi wa gesi anakusalimu," nikasema.

Vidole vyake havikusimama. "Ana sanduku zuri la viatu yule," akasema.

Tukakaa. Boti ikazunguka kidogo kwenye nanga, jua likahamia upande wangu.

"Mbona hukuniambia kwamba umejua?"

"Ningekuambia nini? Wewe ukidanganya unakunja leso. Ijumaa uliikunja mpaka ikawa kama stempu."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu vyote viwili. Alinipa lile yai. Nikalishika tu.

Nikamwambia yote. Ile ya kwanza, ile ya pili, meno ninayokaza. Aliyajua, bila shaka. Lakini hatukuwahi kuyataja humu ndani. Boti hii ndogo, tulikuwa tumeyaacha gatini nyumbani, au tulidhani.

Akasema, "Nikikuambia rudi, utajiuliza maisha yako yote kwa nini nilikufukuza. Nikikuambia twende, na binti akapatwa na neno tukiwa katikati huko, wewe hutaniuliza kitu. Nakujua. Hutaniuliza kitu mpaka tunakufa. Hilo ndilo ninaloliogopa."

"Turudi wote kwa boti."

"Upepo wa kurudi ni mwezi wa tisa."

"Basi nipande ndege. Na wewe?"

Akaangalia nje. "Naweza kungoja mwaka."

Alisema kama mtu anayesema anaweza kuishi kwa mguu mmoja. Anaweza, ndiyo. Sitini na saba, kisha sitini na nane.

"Au utavuka peke yako," nikasema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema hutavuka."

Akaokota maganda ya yai moja moja.

Sitaki angoje. Sitaki avuke peke yake. Hapa namtamani binti mpaka mbavu zinauma. Na najua nikifika kule nitalala ukingoni mwa kitanda, nimeacha nafasi, nasikiliza upepo kwenye bati na kuupima nguvu. Hamu hii haina pa kukaa. Nikiiweka huku inalilia kule.

Mchana jirani alipita na makasia yake. Akatuangalia nyuso, hakupanda. Akasema tu kwamba anakwenda sokoni, kama kuna tunachotaka. Kapteni akamwagiza mayai.

Alhamisi, 14 Machi

Tumejaza. Tulikwenda wote wawili, mmoja anavuta kigari, mwingine anashikilia.

Nusu Kidole alining'iniza mtungi wake mkubwa kichwa chini kwenye ndoano, wetu akauweka chini yake ndani ya beseni la maji baridi juu ya mizani, mpira kati yao. Akafungua. Mlio mdogo, kama mtu anayepumua kwa pua. Nje ya mtungi pakatoka umande. Tukasimama watatu tunautazama kama watu wanaomtazama mgonjwa akiongezewa damu. Sindano ya mizani ikapanda, na kabla haijafika mwisho akafunga. Kapteni akamwambia bado nafasi ipo. Akajibu, "Iache. Gesi nayo inataka pa kupumulia."

Hakutuuliza lolote. Alipotufungulia geti alimwambia Kapteni, "Mama amekuwa tayari." Kapteni akatazama viatu vyake.

Botini tukapaka sabuni kila kiungo. Kavu. Nikawasha kiberiti. Buluu, duara zima, bila kukosa jino. Tulisimama tu. Kisha nikapika wali na mayai ya kukaanga na kitunguu kingi, makusudi, na baada ya dakika tano nikasikia makasia ya jirani.

Kapteni alikula sahani mbili. Mvuke ulimjaa kwenye miwani, akaivua, akaendelea kula bila kuona. Jirani alisimulia mkasa wa paka aliyewahi kuingia botini kwake akasafiri siku tatu. Tulicheka sana. Alipoondoka alinishika mkono zaidi ya inavyohitajika, akasema niwe napiga simu. Sikumuuliza nipige kutoka wapi.

Upepo umesimama vizuri. Hata mimi nimeusikia.

Ijumaa, 15 Machi

Ofisi ya bandari, benchi la mbao. Saa tatu asubuhi.

Tangu alfajiri nimekuwa nikiandika juu ya makopo. CHUMVI. SUKARI. DENGU — chagua mawe kwanza. MCHELE — kikombe kimoja, maji viwili. Kwenye mlango wa kabati: washa kiberiti ndipo ufungue gesi, ukimaliza, funga mpaka kwenye mtungi, kila mara, hata ukichoka. Sikuwa nimepanga. Mkono ulianza na chumvi, ukaendelea.

Kapteni alilishika kopo la chumvi akalisoma muda mrefu. Neno moja tu lile.

Akauliza, "Maji viwili?"

Nikasema viwili.

"Na moto?"

"Mdogo. Ukisikia kimya, umeiva."

Mkwe wetu kapiga simu saa moja na nusu. Daktari anataka binti alazwe hospitali kuanzia Jumatatu mpaka ajifungue. Anasema si kwa ubaya, ni tahadhari. Anasema ameulizia kama mama yupo njiani. Aliyeuliza ni binti, siyo daktari. Jumapili aliniambia niende.

Karani ametupa fomu ya kuondoka. Kapteni kajaza jina la boti, urefu, rangi. Pa kwendea kaandika kule ng'ambo, herufi zimenyooka, hakusita. Tarehe, kesho. Halafu akafika mstari wa saba, idadi ya watu ndani ya chombo. Kalamu ikasimama. Akanisogezea fomu, na kalamu juu yake, akatoka. Yuko pale kwenye ngazi, mgongo kwetu, mikono mfukoni, anatazama maji.

Karani ameniuliza kwa upole, mama, mmoja au wawili. Nimemwomba dakika moja. Kuna watu watatu nyuma yangu, hawalalamiki. Karani anaona naandika humu, anadhani ni fomu.